Kulinganisha peleti za bunduki ya hewa kwa masafa marefu: mwongozo kamili

Ukimuuliza mpiga shabaha kwa nini anapenda peleti fulani (kirisasi cha bunduki ya hewa), mara nyingi jibu la kwanza ni kasi: hii inatoka mbio. Nami nilianza hivyo hivyo. Nilikuwa na makopo mawili, moja la peleti nyepesi na moja la nzito, na kronografu, chombo cha kupimia kasi ya peleti, ikanionyesha kwamba nyepesi inaipita nzito kwa karibu mita 60 kwa sekunde. La nzito nikalifungia kabatini. Nilipiga msimu mzima kwenye mita 90 na 100 kabla sijaelewa nilikokosea. Kasi niliyokuwa nikiisifu ilikuwa ya kwenye mdomo wa mtutu, na shabaha ilikuwa mita 100 mbele yake.

Kwa bunduki ya hewa, masafa marefu huanzia kama mita 50. Mashindano ya kimataifa ya mita 10 yana mahitaji yake: peleti ya milimita 4.5 yenye kichwa bapa, ya kutoboa karatasi tundu safi lenye kingo kali. Peleti hiyo hiyo ukiipeleka mita 80 inatangatanga. Mwongozo huu ni wa anayetaka kujua, kwa vipimo vyake mwenyewe, ni peleti ipi ya kuaminiwa kuanzia mita 50 hadi 100.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili uone kwa nini hatua zimepangwa hivi. Peleti kushuka kwa uzito wake ni jambo la hesabu: ukishajua umbali, unazungusha kifundo cha darubini na suala limekwisha. Upepo haukupi nafasi hiyo. Kwa hiyo peleti mbili zikiwa na makundi (mtawanyiko wa tundu karatasini) yanayokaribiana, mimi huchagua ile isiyosukumwa sana na upepo, hata kama inashuka zaidi na kasi yake mdomoni ni ndogo.

Kabla ya yote: usalama

Peleti inaweza kuruka mamia ya mita ikiwa imeinuliwa juu. Hakikisha nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo au kinga isiyopitisha wala kurudisha kitu, na nyuma ya kinga hiyo hakuna nyumba, njia wala mifugo. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima kwako na kwa kila aliye karibu. Fuata sheria za nchi yako kuhusu umiliki na kiwango cha nguvu; Uingereza, kwa mfano, bunduki ya hewa inayozidi jouli 16.27 inahitaji cheti cha silaha, na Ujerumani kikomo cha zisizohitaji kibali ni jouli 7.5. Peleti nyingi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu: usile wala kushika uso ukiwa unazishika, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Hatua ya 1: Elewa unachokilinganisha

Shika peleti moja ya kawaida kati ya vidole viwili, uitazame kwa ubavu. Ina kichwa, kiuno chembamba, na sketi iliyo wazi kwa nyuma kama kikombe. Umbo hili huitwa diabolo. Sketi ni nyembamba ili hewa yenye shinikizo iitanue ibane kuta za mtutu. Ikiwa angani, sketi hiyo hiyo inaivuta peleti kwa nyuma kama mkia wa kishada, na ndiyo maana haihitaji kuzunguka sana ili isipinduke. Lakini mkia huo una gharama. Unakula kasi kuliko risasi ya kawaida, na ndicho chanzo cha karibu matatizo yote ya masafa marefu.

Kichwa ndicho kinachotofautisha aina. Bapa huvunja hewa vibaya zaidi. Chenye tundu mbele na chenye ncha kali huuzwa kwa sifa nyingi, lakini ncha ya madini laini hupinda kwa urahisi ndani ya kopo, na peleti isiyo na ulinganifu haiendi njia moja mara mbili. Chenye mviringo kama kuba ndicho hushinda mbali, na wengi wanaoshindana kwenye mita 50 hukitumia hicho.

Kisha kuna slagi, isiyo na kiuno, inayofanana na risasi ya kawaida iliyofupishwa. Inapasua hewa vizuri zaidi kuliko diabolo yoyote. Ila haina mkia wa kuivuta, kwa hiyo inategemea mzunguko pekee, na inadai mtutu wenye mifereji (mikato ya ndani inayoizungusha) inayoifaa pamoja na bunduki yenye nguvu. Kama yako haikutengenezwa kwa slagi, malizana kwanza na diabolo.

Peleti zisizo na madini ya risasi, hasa za bati, ni nyepesi kwa lazima: bati lina msongamano wa takriban gramu 7.3 kwa sentimita moja ya ujazo, risasi ina 11.3. Kwa umbo na kipenyo kile kile, ya bati itatoka mbio zaidi na kuchoka mapema zaidi. Zitumie pale kanuni za uwanja zinapokataza madini ya risasi, lakini usitegemee zikufikishe mita 100.

Hatua ya 2: Chagua washindani wachache, uwakague

Peleti nne zinatosha. Ukichukua kumi utachoka kabla hujapata jibu, na mtu aliyechoka hubahatisha. Kwa mtutu wa milimita 5.5, mimi hupenda kuchukua moja ya karibu greni 14, moja ya 16, moja ya 18 na moja ya 25. Greni moja ni gramu 0.0648, kwa hiyo hizo ni kama gramu 0.9, 1.04, 1.17 na 1.62. Bunduki yako ikiwa ya springi, ondoa ile ya 25: peleti nzito mno huvuruga mwendo wa pistoni, na bunduki ya springi mara nyingi hutulia na uzito wa kati.

Mwaga peleti 50 za kila kopo kwenye kitambaa cheupe chini ya taa. Tafuta sketi iliyobonyea, uzi wa madini uliobaki ukingoni, kichwa kilichokwaruzwa. Nakumbuka peleti moja iliyokuwa na kibonye kidogo kama alama ya ukucha kwenye ukingo wa sketi, basi. Niliipiga makusudi kwenye mita 50, ikatua vidole vitatu pembeni mwa wenzake.

Kisha pima uzito kwa mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya greni. Pima 30 kutoka kila kopo, andika ya chini na ya juu kabisa. Kopo ambalo peleti zake zinatofautiana kwa greni moja nzima litakusumbua mbali, hata kama karibu halionyeshi kosa.

Vipenyo vya vichwa navyo vina maana. Kopo nyingi huandikwa 4.51 au 4.52, 5.51 au 5.52. Tofauti ya sehemu ya mia ya milimita inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama kichwa kinashika mifereji au kinateleza juu yake. Bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kutaka namba mbili tofauti, kwa hiyo jibu la rafiki yako si lako.

Hatua ya 3: Pima kasi mdomoni

Weka kronografu kama mita moja mbele ya mtutu. Piga mara kumi kwa kila peleti, andika zote kumi, siyo wastani peke yake. Bunduki ya hewa iliyoshindiliwa ina eneo la shinikizo ambamo kasi inatulia. Jaza hadi hapo na usipige chini yake. Ukianza peleti A silinda ikiwa imejaa na kumaliza peleti D ikiwa inaishiwa, umepima silinda.

Kutoka kwenye kasi unapata nishati: uzito kwa gramu, zidisha kasi, zidisha kasi tena, gawanya kwa 2000. Jibu ni jouli.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni tofauti kati ya kasi ya juu na ya chini katika zile kumi. Ikipita mita 4 kwa sekunde, shughulikia bunduki kabla ya kulaumu peleti. La pili ni kasi yenyewe. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 15, na diabolo huanza kuyumba kabla hata ya kuifikia kasi hiyo. Wengi tunaopiga mbali tunabaki kati ya 260 na 280. Bunduki yako ikiisukuma peleti nyepesi hadi 310, dawa yake ni peleti nzito zaidi.

Hatua ya 4: Pima kizigeu cha balistiki kwa mtutu wako

Kizigeu cha balistiki, tukiite KB, ni namba moja inayosema jinsi peleti inavyohifadhi kasi. Kikiwa kikubwa, hewa inainyang'anya peleti kasi kidogo tu. Diabolo nzuri za milimita 5.5 huwa kati ya 0.025 na 0.045 hivi. Namba iliyochapwa kwenye kopo ichukue kama fununu tu, kwa sababu kila mtutu unaichapa peleti mifereji kwa namna yake, na KB hubadilika nayo.

Kuipima unahitaji kasi mbili: ya mdomoni na ya mbali. Wenye rada ndogo ya kupimia risasi wana raha, maana chombo kinaifuata peleti ile ile njiani. Wenye kronografu ya kawaida, ihamishe hadi mita 50, mbele yake simika bamba la chuma lenye dirisha dogo ili peleti iliyopotea isivunje chombo, kisha piga kumi na utumie wastani. Fanya hivi siku isiyo na upepo.

Kanuni ni hii:

KB = umbali kwa mita ÷ (7315 × ln(kasi ya kwanza ÷ kasi ya pili))

Kitufe cha ln kipo kwenye kikokotoo chochote cha kisayansi, hata cha simu. Tuseme mdomoni umepata 266 na kwenye mita 50 umepata 214. Gawanya: 1.243. Ln yake ni 0.2175. Zidisha kwa 7315 unapata 1591, na 50 ukigawa kwa 1591 unapata 0.0314. Hiyo ndiyo KB ya peleti hiyo kwa mtutu wako.

Kwa nini mita 50 na siyo 15, ambako ni rahisi kupita kwenye dirisha la kronografu? Kwa sababu ya makosa ya chombo. Kwenye mita 50, kosa la mita 1 kwa sekunde linahamisha KB kwa kama asilimia 2. Kwenye mita 15 peleti hiyo hiyo imepungua hadi 249 tu, na kosa lile lile la mita moja linahamisha KB kwa asilimia 6. Tofauti kati ya peleti unazozilinganisha zinaweza kumezwa zote na kosa hilo.

Ukitumia programu ya kukokotoa njia ya peleti, hakikisha peleti zote umeziwekea mfano mmoja wa hesabu ya ukinzani wa hewa. KB ya mfano mmoja huwezi kuilinganisha na ya mfano mwingine.

Hatua ya 5: Fanya hesabu, na hapa usiharakishe

Hapa ndipo lile kopo langu lilipotoka kabatini. Chukua mfano wa bunduki inayotoa karibu jouli 40. Peleti A ina gramu 1.03, inatoka kwa 278, KB yake 0.028. Peleti B ina gramu 1.645, inatoka kwa 220, KB yake 0.044. Nishati mdomoni ni sawa, jouli 39.8 kila moja.

Kwanza tafuta k, ambayo ni 1 ÷ (7315 × KB). Kwa A ni 0.00488, kwa B ni 0.00311. Kisha (x ni umbali kwa mita, na e^ ni kitufe cha e^x kwenye kikokotoo kile kile):

Kasi kwenye umbali x = kasi ya kwanza × e^(−kx)

Muda wa kusafiri = (e^(kx) − 1) ÷ (k × kasi ya kwanza)

Kushuka = 9.81 ÷ (4 × k² × kasi ya kwanza²) × (e^(2kx) − 2kx − 1)

Kushuka huku kunahesabiwa kutoka kwenye mstari wa mtutu, siyo wa darubini. Programu itakuongezea kimo cha darubini ukikiandika. Kipime kutoka katikati ya mtutu hadi katikati ya lenzi, kwa rula, usikadirie.

Matokeo ya mfano wetu ni haya:

Mita 50, peleti A: kasi 218, nishati jouli 24.4, imeshuka sentimita 19.
Mita 50, peleti B: kasi 188, nishati jouli 29.2, imeshuka sentimita 28.
Mita 100, peleti A: kasi 171, nishati jouli 15.0, muda sekunde 0.464, imeshuka sentimita 90.
Mita 100, peleti B: kasi 161, nishati jouli 21.4, muda sekunde 0.533, imeshuka sentimita 126.

Ile pengo ya mita 58 kwa sekunde tuliyoanza nayo imebaki 10. A ilitoka mbio, lakini hewa imeitoza ushuru mkubwa. B bado ina zaidi ya nusu ya nishati yake. A imebaki na chini ya asilimia 40.

Sasa upepo. Watu wengi hudhani peleti inayokaa angani muda mrefu ndiyo inayopeperushwa zaidi, na wangetazama jedwali hili wakasema B itahama zaidi kwa kuwa imechelewa kufika. Sivyo. Kinachoamua ni muda uliopotea kwa sababu ya hewa: muda halisi wa safari, toa muda ambao peleti ingetumia kama isingepunguza kasi kabisa. Kanuni yake ni fupi:

Mkengeuko = kasi ya upepo wa ubavuni × (muda wa kusafiri − umbali ÷ kasi ya kwanza)

Peleti A kwenye mita 100 ingetumia sekunde 0.360 bila hewa kuikinza, imetumia 0.464. Imepoteza 0.104. Peleti B ingetumia 0.455, imetumia 0.533. Imepoteza 0.079 tu. Upepo wa mita 3 kwa sekunde ukivuma kutoka ubavuni unaihamisha A kwa sentimita 31 na B kwa sentimita 24.

Na hata hiyo siyo namba inayonishughulisha zaidi. Ungejua kwa hakika kwamba upepo ni mita 3, ungefidia zote mbili sawasawa. Shida ni kwamba hujui. Hata mzoefu anaweza kukosea kwa mita 1 kwa sekunde bila kujua. Kosa hilo moja linamgharimu mwenye A sentimita 10, na mwenye B sentimita 8. Fanya hesabu hii kwa kila peleti yako na uipange kwa mkengeuko wa upepo wa mita 1. Huo ndio mpangilio ninaouamini kuliko mpangilio wa kasi, wa nishati, hata wa KB yenyewe, maana KB kubwa ikiambatana na kasi ndogo mno inaweza kukupotezea ulichopata.

Haki inadai niitetee A pia. Peleti inayoshuka zaidi haisamehi makosa mengine. Kasi ya bunduki ikicheza kwa mita 3, A inapanda na kushuka kwa sentimita 2 kwenye mita 100, na B kwa sentimita 3.4. Ukikosea umbali kwa mita 5, A inakukosesha sentimita 6, B karibu 8. Ukiinamisha bunduki upande kwa digrii 3 bila kujua, A inahama pembeni sentimita 4.7, B inahama 6.6. Kwa hiyo anayechagua peleti nzito ya mwendo wa pole ajipatie kipimo cha umbali cha leza, pimamaji dogo juu ya darubini, na regyuleta inayotuliza kasi. Asiye na vitu hivyo, na anayepiga katika uwanja uliozibwa upepo kwa miti au kuta, A inaweza kumfaa zaidi.

Hatua ya 6: Peleka karatasini

Hesabu inakuambia peleti ingefanya nini kama mtutu wako ungeikubali. Karatasi ndiyo inayokuambia kama imeikubali.

Piga ukiwa umeketi mezani, mbele mfuko wa mchanga, nyuma mfuko mdogo chini ya kitako. Kila ukibadilisha aina ya peleti, piga kama kumi kwanza bila kuhesabu, kwa kuwa mabaki ya aina iliyotangulia bado yapo mtutuni. Kisha piga makundi manne ya tano tano kwenye mita 25, mita 50 na umbali wako wa mwisho.

Kundi moja la risasi tano usiliamini, hata likiwa zuri la kupigia picha. Makundi manne yanakupa tundu 20, na hapo bahati inaanza kuondoka mezani. Njia bora ya kuzipima ni kutafuta kitovu cha tundu zote 20, kupima umbali wa kila tundu hadi kitovuni, na kuchukua wastani. Hiyo hutumia kila risasi, wakati kupima tundu mbili zilizo mbali zaidi hutumia mbili tu na kutupa nyingine 18. Na usilinganishe kundi la tano na kundi la kumi. Kadiri unavyopiga zaidi ndivyo kundi linavyopanuka lenyewe.

Usipige peleti A asubuhi na B mchana. Piga kundi la A, kundi la B, rudi A, rudi B, ukikumbuka zile kumi za kusafisha. Inachosha, lakini upepo wa asubuhi na wa mchana si mmoja, na nimeshawahi kuitupa peleti nzuri kwa kosa la kuipiga saa tisa alasiri.

Sasa soma umbo la kundi. Likirefuka wima, tazama kasi zako zinavyocheza. Likilala ubavuni, ni upepo. Likiwa duara pana tangu mita 25, mtutu hauipendi peleti hiyo, na hakuna hesabu itakayoiokoa, iondoe.

Linganisha pia makundi ya umbali tofauti. Kundi la milimita 20 kwenye mita 50 linapaswa kuwa angalau 40 kwenye mita 100, na zaidi kidogo ni kawaida. Likiruka hadi 120 siku iliyotulia, peleti imepoteza utulivu njiani. Sababu ninayokutana nayo mara nyingi ni kuzungukazunguka kama kizibuo cha chupa. Peleti inapoteza kasi ya kwenda mbele haraka, lakini kasi ya kujizungusha haipungui kwa kiwango hicho, basi mbele ya safari inakuwa inazunguka kupita kiasi kwa mwendo ilionao. Jua likiwa nyuma yako na darubini ikiwa na ukuzaji wa kati, unaweza kuiona: kidoa cha kung'aa kinachopanda, kinafika kileleni, halafu kinaanza kuchora duara dogo kinaposhuka kuelekea shabaha. Mara ya kwanza nilidhani macho yanachezacheza. Nikamwomba mwenzangu akae pembeni yangu na darubini yake, naye akaniambia ameliona duara lile lile. Mara nyingi kupunguza kasi kwa mita 10 au 15 huondoa tatizo. Kama halikuondoka, jaribu kipenyo kingine cha kichwa.

Hatua ya 7: Jaribu siku ya upepo kwa makusudi

Wengi husubiri utulivu ili wapate makundi mazuri. Kwa vipimo vya KB na vya mtutu ni sawa. Lakini peleti ya masafa marefu ichaguliwe pia katika upepo, kwa sababu huko ndiko itakakotumika.

Funga utepe mwepesi kwenye fimbo tatu: moja karibu nawe, moja katikati, moja karibu na shabaha. Ule wa karibu nawe ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Upepo unaoisukuma peleti mapema unaipa mwelekeo inaoubeba hadi mwisho. Upepo wa ubavuni kabisa unahesabika wote, wa kutoka pembe ya digrii 30 na mstari wa kulenga unahesabika nusu.

Lenga katikati daima, usifidie. Piga 20 za A na 20 za B kwa kupokezana, kisha pima upana wa mtawanyiko wa kila moja kwa mlalo tu. Ikiwa hesabu ya hatua ya 5 ilikuambia B itahama robo pungufu ya A na karatasi inaonyesha kitu cha kukaribiana na hicho, una jibu la kuaminika. Kama karatasi inapingana na hesabu kwa mbali, rudi kwenye KB uipime tena. Huko ndiko kosa hujificha.

Hatua ya 8: Andika kadi yako

Baada ya haya yote utabaki na peleti moja, pengine mbili. Andika kadi ya kubandika kwenye kitako: umbali kwa kila mita 10 kuanzia 20 hadi 100, marekebisho ya kifundo kwa mili, na mkengeuko wa upepo wa mita 1 kwa sekunde. Mili moja ni sentimita 10 kwenye mita 100, na sentimita 5 kwenye mita 50.

Pembeni yake andika hali ya hewa ya siku uliyopima: joto, na mwinuko wa mahali kutoka usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 kuliko pwani, kwa hiyo peleti ile ile inashuka pungufu na kupeperushwa pungufu, na kadi ya mlimani itakudanganya ukishuka nayo baharini.

Mwisho, angalia namba ya toleo chini ya kopo lililoshinda na uinakili kwenye kadi hiyo hiyo. Kalibu za kiwandani huchakaa na kubadilishwa, na kopo jipya la jina lile lile linaweza kutoka na kipenyo au uzito uliosogea. Likifika toleo jipya, pima uzito wa peleti 30, piga kasi kumi, piga makundi manne kwenye mita 50. Yakilingana na ya zamani, endelea na kadi uliyo nayo. Yasipolingana, rudi hatua ya 4.